Maradhi ya Tezi za Mate: Uvimbe wa Shavu na Taya Unapopewa Jina Moja

Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili, uvimbe unaotokea mbele ya sikio au kwenye pembe ya taya una jina lililo tayari, nalo ni matubwitubwi. Kamusi hutaja pia perema, na wapo wanaotamka matumbwitumbwi. Umbo la neno lenyewe lina uradidi na kiambishi cha wingi, kiasi kwamba msikilizaji huyaona mara moja mashavu mawili yaliyojaa. Ni jina linalochora vizuri sura ya mgonjwa. Hata hivyo, jina linalochora sura halisemi lolote kuhusu chanzo cha ugonjwa, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mtoto mwenye homa ya siku tatu, mzee aliyetoka katika upasuaji wa tumbo, mfanyabiashara anayevimba taya kila aketipo kula, na mama mwenye donge lisilouma ambalo limekaa mbele ya sikio lake kwa miaka kumi, wote wanaweza kuambiwa nyumbani kwamba wana matubwitubwi na kwamba yatapoa yenyewe. Ni mmoja tu kati yao ambaye kauli hiyo inamfaa.

Makala haya yanafafanua maradhi makuu ya tezi za mate kwa kuzingatia namna uvimbe unaofanana kwa macho unavyotofautiana kwa chanzo, kwa mwenendo na kwa hatari. Hoja inayoendelezwa ni kwamba kitu cha kwanza kinachoyatenganisha maradhi haya si mashine, bali ni historia ya uvimbe wenyewe: ulianza lini, unapanda na kushuka wakati gani, uko upande mmoja au pande zote mbili, na mgonjwa ana dalili gani nyingine mwilini. Maswali hayo yanaweza kuulizwa katika zahanati yoyote.

Maumbile na kazi ya tezi za mate

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Jozi ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, iko mbele ya sikio na kuteremka hadi nyuma ya taya. Kitabibu huitwa parotidi. Ya pili iko chini ya taya, na ya tatu, iliyo ndogo zaidi, iko chini ya ulimi. Mbali na hizo, zipo tezi ndogondogo zinazokadiriwa kuwa kati ya 600 na 1,000, zilizotapakaa kwenye midomo, mashavu, kaakaa na koo. Kwa pamoja tezi hizi hutoa mate ya kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mate hulainisha chakula, huanza kumeng'enya wanga, huzima asidi inayokula meno, na huosha kinywa wakati wote. Thamani yake haionekani mpaka yanapokosekana.

Mate hufika kinywani kwa kupitia mifereji. Thomas Wharton, tabibu wa London, aliueleza mfereji wa tezi ya chini ya taya katika kitabu chake cha mwaka 1656. Miaka minne baadaye Niels Stensen, kijana kutoka Denmark aliyekuwa akisoma mjini Amsterdam, alikuwa akipasua kichwa cha kondoo alipoingiza kijiti cha chuma katika njia asiyoijua na kukisikia kikigonga meno. Ndivyo mfereji wa parotidi ulivyojulikana. Mdomo wa mfereji huo uko ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Mfereji wa tezi ya chini ya taya hufunguka chini ya ulimi, kando ya ukano wa katikati. Habari hii si ya kupamba vitabu. Tabibu anayejua mahali mifereji inapofunguka anaweza kuikamua tezi kwa kidole kilichovikwa glavu huku akitazama kinachotoka. Mate maangavu, usaha, au kutotoka kitu kabisa, kila kimoja kina maana yake.

Mambo mawili zaidi ya kimaumbile yanahitaji kutajwa kwa sababu yataeleza mengi yanayofuata. Kwanza, neva inayosogeza misuli ya uso hupita ndani ya parotidi na kugawanyika humo katika matawi makuu matano, kama kiganja kinavyogawanyika kuwa vidole. Pili, mtoto anapokuwa angali tumboni, parotidi huchelewa kufunikwa na gamba lake kuliko tezi nyingine za mate, na kwa sababu hiyo hunasa ndani yake tezi za limfu. Kwa hiyo parotidi ni tezi ya mate yenye ngome za kinga ya mwili ndani yake, na maradhi ya kinga huonekana humo mapema.

Matubwitubwi yenyewe

Ugonjwa unaostahili jina hili ulielezwa tangu zamani. Maandishi ya Hippocrates yanasimulia vijana wa kisiwa cha Thasos, katika Ugiriki ya kale, waliovimba kando ya masikio, wengine upande mmoja na wengine pande zote mbili, bila kulazwa kitandani, na baadhi yao wakavimba korodani. Maelezo hayo bado yanatambulika leo. Chanzo chake kilithibitishwa mwaka 1934, pale Claud Johnson na Ernest Goodpasture wa Marekani walipoonyesha kwamba mate ya wagonjwa yaliyochujwa hadi kuondolewa bakteria yaliendelea kuambukiza nyani. Kilichobaki kilikuwa kirusi.

Kirusi hicho huenea kwa mate na matone ya kikohozi. Dalili huanza baada ya wiki mbili hadi tatu na ushei. Homa na uchovu hutangulia, kisha shavu moja huvimba, na mara nyingi la pili hufuata baada ya siku moja au mbili. Ncha ya sikio husukumwa juu na nje. Kutafuna huuma, na kitu kichachu kama ndimu huzidisha maumivu. Uvimbe huisha ndani ya siku kumi hivi. Si kila aliyeambukizwa huvimba. Kiasi cha mtu mmoja kwa kila watano hadi mmoja kwa kila watatu hawaonyeshi dalili za wazi, na hao nao husambaza ugonjwa. Hakuna dawa inayoua kirusi hiki. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza homa na maumivu, vyakula laini na maji ya kutosha, na hutengwa na wenzake kwa siku tano tangu uvimbe uanze.

Wanaume waliokwisha kubalehe ndio wenye hofu kubwa zaidi, na hofu hiyo ina msingi ingawa hutiwa chumvi. Kati ya wale wasiochanjwa, 15 hadi 30 katika kila 100 huvimba korodani, kwa kawaida moja. Korodani inaweza kusinyaa baadaye, lakini ugumba kamili ni nadra. Madhara yasiyozungumzwa sana, yaani homa ya utando wa ubongo, uvimbe wa kongosho, na uziwi wa ghafla wa sikio moja, yanastahili kutajwa pamoja na hilo.

Chanjo ipo. Maurice Hilleman aliitengeneza kwa kirusi alichokichukua kooni mwa binti yake mwenyewe mwaka 1963, na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1967. Katika ratiba za kawaida za Tanzania na Kenya, hata hivyo, watoto huchanjwa surua na rubela bila sehemu ya matubwitubwi. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu bado ni wa kawaida katika Afrika Mashariki, na ukawaida wake ndio unaofanya kila uvimbe wa shavu ufikiriwe kuwa ni huo. Kwa mantiki ya utambuzi, jambo muhimu kuhusu matubwitubwi ni kikomo chake. Uvimbe unaofikisha mwezi, au unaorudi tena na tena mahali palepale, umekwisha kutoka katika eneo la ugonjwa huu, hata kama shavu linaonekana vilevile.

Usaha na vijiwe

Tezi isiyotiririsha mate ni kama mfereji wa shamba uliokauka, ambao uchafu huupanda kutoka upande wa chini. Bakteria wa kinywani, hasa wale waitwao stafilokokasi, hupanda mferejini na kusababisha jipu. Wanaopatwa zaidi ni wazee, waliopungukiwa maji mwilini, na waliokaa siku nyingi bila kula kwa mdomo. Rais James Garfield wa Marekani ni mfano unaojulikana. Alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881, akadhoofika kwa wiki kadhaa akishindwa kula, na katika mwezi wa Agosti parotidi yake ya kulia ikavimba na kujaa usaha hadi uso ukapooza upande huo. Alifariki tarehe 19 Septemba. Tezi siyo iliyomuua, lakini ilionyesha jinsi mwili wake ulivyokuwa umekauka. Tangu dripu za maji zilipoenea hospitalini hali hii imepungua sana. Inapotokea, huhitaji antibayotiki, maji, usafi wa kinywa, na wakati mwingine kisu.

Vijiwe ni jambo jingine, na hapa historia ya mgonjwa peke yake karibu inatosha. Zaidi ya vijiwe vinane katika kila kumi hukaa kwenye mfereji wa tezi ya chini ya taya, kwa kuwa mate yake ni mazito na yenye kalisi nyingi, na mfereji wake hupanda kutoka chini kwenda juu. Mgonjwa hueleza kwamba akianza kula, au hata akinusa chakula kizuri, taya hujaa ghafla na kuuma. Baada ya saa moja au mbili uvimbe hunywea. Kesho hurudia. Hakuna ugonjwa mwingine wenye saa yake kamili namna hii, na ni ajabu kwamba watu huishi nao kwa miaka wakibadilisha dawa za meno. Kijiwe kilicho karibu na mdomo wa mfereji huweza kuguswa kwa kidole chini ya ulimi na kutolewa kwa upasuaji mdogo wa kinywani. Kilicho ndani zaidi hutafutwa kwa altrasaundi na, panapo vifaa, huvutwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa mferejini. Kuiondoa tezi nzima kumebaki kuwa hatua ya mwisho.

Shavu la mtoto na VVU

Sehemu hii inagusa kosa ambalo gharama yake ni kubwa kuliko makosa mengine yote ya utambuzi wa tezi za mate katika Afrika Mashariki. Miongoni mwa watoto wanaoishi na VVU, parotidi zinaweza kuvimba pole pole, kwa kawaida pande zote mbili, bila homa na bila maumivu. Mtoto hula, hucheza, huenda shule. Mashavu yake yamejaa tu. Uvimbe hukaa miezi, hupungua kidogo, kisha hurudi. Mzazi akiuliza, jibu la mtaani ni matubwitubwi, na mara nyingine jibu la dirishani pa dawa ni hilohilo.

Sababu ya kimaumbile imekwisha kuelezwa: parotidi ina tezi za limfu ndani yake. Chembe za kinga zinazopambana na VVU hukusanyika humo, tishu za limfu hukua, na mara nyingi vifuko vya majimaji hujitokeza, jambo ambalo altrasaundi huonyesha wazi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uvimbe wa kudumu wa parotidi usio na maelezo mengine katika hatua ya pili ya dalili za VVU kwa watoto. Yaani ni dalili inayotambuliwa rasmi, si dokezo la kubahatisha.

Lililo zito zaidi ni kwamba watoto wenye dalili hii huelekea kuwa wale ambao ugonjwa wao husonga taratibu. Hawakuugua vibaya wakiwa wachanga, kwa hiyo hawakupimwa; wamefika umri wa shule wakiwa na shavu lililojaa kama tangazo pekee la maambukizi yao. Kipimo cha haraka cha kidole hutoa jibu katika muda mfupi. Kwa aliye chini ya miezi 18 kipimo hicho hakitoshi, maana huweza kusoma kingamwili alizopewa na mama, na hivyo kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe ndicho kinachohitajika. Dawa za kupunguza makali ya VVU zikianzwa, tezi mara nyingi hunywea zenyewe. Kunyonya majimaji kwa sindano huleta nafuu ya muda tu, kwa kuwa vifuko hujaa tena.

Ipo pia sababu ya kijamii inayorefusha ukimya. Jina la matubwitubwi halimwaibishi mtu. Ni ugonjwa wa kila mtoto. Familia inayohofia unyanyapaa ina kila sababu ya kuling'ang'ania. Tabibu anayependekeza kipimo anapaswa kujua kwamba anaomba kuvua sitara, na lugha yake iende polepole kwa kadiri hiyo. Inafaa kuongeza kwamba si kila uvimbe mlaini wa pande mbili ni VVU: utapiamlo, kisukari na ulevi wa muda mrefu hukuza parotidi kwa namna inayofanana, na kifua kikuu cha tezi za limfu huweza kujificha humo, aghalabu upande mmoja.

Kinywa kinachokauka

Baadhi ya maradhi ya tezi za mate hudhihirika zaidi kwa ukavu kuliko kwa uvimbe. Daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, alichapisha mwaka 1933 tasnifu kuhusu wanawake 19 waliokuwa na macho makavu, wengi wao wakiwa pia na baridi yabisi ya viungo. Inasimuliwa kwamba tasnifu hiyo haikupewa daraja la kumwezesha kupata nafasi ya ualimu wa chuo kikuu. Leo ugonjwa wenyewe hubeba jina lake. Kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Wagonjwa tisa katika kila kumi ni wanawake, wengi wa umri wa kati. Hulalamika kwamba hawawezi kumeza ugali bila maji, kwamba ulimi hunata usiku, na kwamba meno yameoza kwa kasi mpya. Ufuatiliaji ni wa lazima kwa kuwa hatari ya saratani ya limfu huongezeka, hasa pale tezi moja inapokua na kuwa ngumu.

Tiba ya mionzi kwa saratani za kichwa na shingo huacha ukavu wa aina hiyohiyo, na dawa nyingi za kawaida, zikiwemo za shinikizo la damu, mzio na sonona, hupunguza mate pia. Kunywa maji kidogo kidogo, kutafuna bazoka isiyo na sukari na kutumia dawa ya meno yenye floridi husaidia kulinda kilichobaki.

Donge lisilouma

Maumivu humpeleka mtu hospitalini, na kutokuwepo kwa maumivu humbakiza nyumbani. Katika uvimbe wa tezi za mate kanuni hiyo hufanya kazi kinyume na maslahi ya mgonjwa. Madaktari wa upasuaji hukumbuka uwiano wa 80: takribani asilimia 80 ya vivimbe vya tezi za mate hutokea katika parotidi, asilimia 80 ya hivyo si saratani, na sehemu kubwa ya hivyo visivyo saratani ni aina moja iitwayo adenoma pleomofiki. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo uwezekano wa saratani unavyopanda. Katika tezi ya chini ya taya ni karibu nusu, na katika tezi ya chini ya ulimi saratani ndiyo nyingi zaidi.

Adenoma hii hukua kwa miaka, ngumu kiasi, ikisogea chini ya ngozi, bila kuuma. Huitwa njema kwa sababu haisambai. Wema wake una muda, lakini. Uwezekano wa kugeuka saratani unakadiriwa kuwa asilimia moja na nusu katika miaka mitano ya kwanza, na hukaribia asilimia kumi kwa uvimbe uliokaa zaidi ya miaka kumi na mitano. Dalili za mgeuko ni kukua kwa ghafla, maumivu mapya, kushikamana na ngozi, na zaidi ya yote, udhaifu wa uso: jicho lisilofumba au mdomo unaovutwa upande mmoja. Uvimbe usio saratani huisukuma neva. Ni nadra sana kuilemaza. Uso uliopooza pamoja na donge la parotidi huchukuliwa kuwa saratani hadi ithibitike vinginevyo.

Uchunguzi huanza kwa altrasaundi na kunyonya seli kwa sindano nyembamba. Kukata kipande kwa kisu kupitia ngozi huepukwa, na kulichokonoa donge peke yake ni kosa lililojifunzwa kwa uchungu: gamba la adenoma ni jembamba na lina matundu, seli zikimwagika huota upya baada ya miaka kama mbegu zilizotapanywa, safari hii zikiwa vinundu vingi vilivyozingira neva. Kwa hiyo upasuaji sahihi huitafuta neva ya uso kwanza, huyafuata matawi yake moja baada ya jingine, kisha huondoa donge pamoja na tishu salama inayolizunguka.

Ni neva hiyo inayoeleza kwa nini wagonjwa wengi hukawia. Wamesikia kwamba operesheni ya shavu hupindisha uso, na kwa mtu ambaye donge lake haliumi, biashara hiyo haionekani kuwa na faida. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, maana udhaifu wa muda wa wiki au miezi hutokea kwa wagonjwa si haba, ingawa ule wa kudumu ni wa nadra pale donge linapokuwa dogo na lisilo la saratani. Mgonjwa anapaswa pia kuambiwa mapema kwamba sikio linaweza kufa ganzi, na kwamba baadaye shavu linaweza kutoka jasho wakati wa kula, hali iliyoelezwa na daktari wa neva wa Poland, Łucja Frey, mwaka 1923: nyuzi za neva zilizokuwa zikiamuru mate hukua upya zikaelekea kwenye tezi za jasho za ngozi. Donge la sentimita mbili humwachia mpasuaji nafasi ya kuzunguka matawi ya neva bila kuyavuta. Likiwa la ukubwa wa chungwa, matawi yametandazwa juu yake kama nyuzi, na kila moja ni la kutengwa kwa mkono. Likiwa limekwisha kugeuka saratani na kuikumba neva, neva hukatwa kwa makusudi pamoja nalo, na uso ambao mgonjwa alikuwa akiulinda kwa kukaa nyumbani hupooza.